Re: App ya duka iuze hata mtandao ukikata, nihifadhi wapi data?
Mkuu localStorage (kihifadhi kidogo cha ndani ya browser) achana nayo, inabeba kama MB 5 tu tena maandishi matupu. Nenda na IndexedDB (database iliyomo ndani ya browser yenyewe), kila mauzo yaandikwe kwenye simu kwanza afu mtandao ukirudi ndo yapande seva. Sasa kasheshe ni simu mbili zikiuza kwa pamoja, zinaweza kufutiana hesabu, hapo usihifadhi "sukari zimebaki 12", hifadhi "imetoka 1" na UUID yake (namba ya utambulisho isiyojirudia) inayotengenezwa kwenye simu hiyohiyo, salio utapiga hesabu baadae, na hata ikitumwa mara mbili seva inaijua inaipotezea. Yjs na Automerge (library za kuunganisha mabadiliko ya data kutoka vifaa vingi) ziko poa ila kwa duka naona ni kujitesa bure. Wenye iPhone waambie waiweke kwenye skrini ya mwanzo, Safari (browser ya iPhone) huwa inafuta data za saiti isiyoguswa siku 7.