Simu zote zilale sebuleni

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina watoto wawili. Wa kwanza ana miaka 15, yuko kidato cha pili, shule ya kutwa. Mjomba wake alimletea simu likizo ya Juni, na sasa usiku wa manane naona mwanga chini ya mlango wake. Nikimuuliza, anasema wako kwenye grupu la masomo. Baba yake alimnyang'anya akaifungia kabatini wiki nzima. Kijana akanuna, akawa anaazima ya jirani. Mdogo ana miaka 3, hali mpaka awekewe katuni. Mtihani wa taifa unakaribia. Nifanyeje?
Mama wa wawili, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na huyo mkubwa, maana mtihani haumsubiri.

Acha kwanza kuhesabu saa anazokaa na simu, hesabu anazolala. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Wa shule ya kutwa anaamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala. Akilala saa saba usiku, amepata saa 4 tu. Nimefundisha sekondari miaka mingi, na wanaolalia dawati kipindi cha kwanza wengi wao huwa wamekesha.

Halafu muulize, kwa upole, ananunua bando gani. Vifurushi vya usiku huwa vya bei nafuu, na mwanafunzi mwenye shilingi chache mfukoni hukaa macho kusubiri saa yake ifike. Ikiwa ndiyo hali, mwongezee kidogo anunue la mchana. Wazazi wengi wanagombana na mtoto miezi mizima bila kuuliza swali hili.

Kisha wekeni sheria moja: ikifika saa tatu usiku, simu zote zinachajiwa sebuleni. Nimesema zote, ya baba na yako zikiwemo. Kijana hatakubali kukabidhi yake huku baba anatazama mpira kitandani. Atasema anaihitaji kwa alamu. Mnunulieni saa ya mezani. Atasema grupu, maswali ayanakili kwenye daftari mapema. Na hilo grupu usilidharau, humo kweli wanatumiana mitihani ya miaka iliyopita. Ila kumpokonya wiki nzima, mwambie mzee wa nyumba asirudie. Simu ya jirani hamjui ina nini ndani.

Programu ya Family Link ya Google inaweza kuifunga simu saa mliyopanga. Iwekeni kijana akiwa amekaa hapo anaona, kamwe si kwa siri. TikTok nao tangu 2023 wameweka kikomo cha dakika 60 kwa siku kwa walio chini ya miaka 18, lakini kijana akiingiza namba ya siri anaendelea, na aliyedanganya umri kikomo hicho hakimhusu. Msikitegemee.

Sasa huyo mdogo. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 ya skrini kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mimi kinachonisumbua zaidi ni kulishwa huku macho yake yakiwa kwenye katuni: anafungua mdomo tu, hajui ameshiba wala anakula nini. Anza na mlo mmoja, chakula cha usiku, mkiwa mmekaa pamoja. Atalia, pengine ataacha sahani. Kama ni mzima wa afya, mwondolee sahani bila ugomvi, asipewe biskuti baadaye. Kesho atakuja na njaa.

Zungumza pia na dada wa kazi. Mchana ndiye anayempa simu ili apate kufua na kupika, na hana kosa. Mruhusu amwashie televisheni kipindi kimoja anapopika, kikiisha izimwe. Kwenye simu, YouTube inaleta video nyingine yenyewe, kwa hiyo zima hiyo huduma leo hii.

Na mpigie mjomba. Akitaka kumtumia kijana vocha, aitume kwako.