Maswali ya Wasomaji: Dini kwenye Uso wa Sarafu

Marehemu bibi aliniachia reale ya fedha. Upande mmoja kuna mwanamke aliyejitanda ushungi, upande wa pili ndege mwenye vichwa viwili. Jirani anasema ni Bikira Maria, na sisi ni Waislamu. Ni kweli? Na nitajuaje kama ni fedha tupu? (Msomaji, Mombasa)

Si Bikira Maria. Huyo ni Maria Theresa, mtawala wa Austria, na ushungi ule ni wa ujane: mumewe, Kaisari Francis wa Kwanza, alifariki 1765. Yeye mwenyewe alifariki 1780, na mwaka huo ndio ulioganda kwenye sarafu. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi na Ghuba waliizoea sura hiyo wakawa hawapokei nyingine, kwa hiyo Vienna, London, Bombay na kwingineko ziliendelea kupigwa zenye mwaka uleule hadi karne ya 20. Usiuchukue mwaka 1780 kuwa ndio umri wa reale yako.

Tai mwenye vichwa viwili ni nembo ya Dola Takatifu ya Kirumi, dola ya zamani ya Ulaya ya Kati. Waarabu walimtazama manyoya wakaiita sarafu nzima Abu Risha. Dini imo, ila imejificha kwenye herufi. Baada ya jina la malkia utaona D. G., kifupi cha Kilatini cha «kwa neema ya Mungu». Na baada ya mwaka kuna alama ndogo kama X: ni msalaba wa Mtakatifu Andrea, uliokuwa nembo ya Burgundy, eneo la kale la Ulaya Magharibi.

Kuhusu fedha, anza na mizani ya sonara. Reale nzima ina gramu 28.07, kipenyo karibu milimita 40, na fedha sehemu 833 katika 1,000. Iliyobaki ni shaba. Isishikwe na sumaku. Zungusha ukingo: lazima kuwe na maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaani haki na huruma, yakiwa yamechomoza. Za bandia za kumiminwa mara nyingi hushindwa hapo, kwa sababu kalibu huacha mshono ukingoni na fundi akiupiga tupa anafuta na maandishi.

Kipimo cha mwisho hakihitaji fundi. Weka kikombe cha maji juu ya mizani ya kidijitali na uirudishe kwenye sifuri. Funga reale kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa chini wala pembeni. Mizani ikisoma kati ya gramu 2.7 na 2.8, ni sawa. Ikifika 3.2 au zaidi huku uzito wa nje ni uleule wa 28, mikononi una madini mengine. Kama imeungwa kikuku cha kuvalia mkufu, kipimo kitapotoka, maana risasi ya kuungia na kikuku vina uzito wao.

Nimesikia kwamba sarafu za mwanzo za Kiislamu zilikuwa na msalaba. Huu si uzushi? (Msomaji, Zanzibar)

Si uzushi, na anayeujua mpangilio wa mambo hatashtuka. Waislamu walipoichukua Shamu walikuta dhahabu ya Rumi ya Mashariki, yenye msalaba uliosimama juu ya ngazi. Iraki na Uajemi walikuta fedha za Wasasani, wafalme wa Uajemi, zenye madhabahu ya moto. Soko halibadiliki kwa siku moja. Dirhamu za mwanzo ziliendelea na sura ya mfalme wa Uajemi na moto wake, na pembeni pakaongezwa «Bismillah» kwa Kiarabu.

Khalifa Abdul Malik bin Marwan ndiye aliyelimaliza jambo. Kwanza mafundi waliondoa mkono wa kukingama wa msalaba, ikabaki nguzo tupu juu ya ngazi. Ukiitazama kwa karibu unaona kabisa mahali palipokuwa na kitu. Kisha, mwaka 74 hadi 77 Hijria, ikaja dinari yenye khalifa amesimama na upanga. Enzi hizohizo Kaisari Justinian wa Pili wa Rumi ya Mashariki alikuwa ameweka uso wa Yesu kwenye dhahabu yake, kaisari wa kwanza kuufanya kuwa sura kuu ya sarafu. Mwaka 77 (696/697) Abdul Malik akafuta sura zote. Katikati: «La ilaha illa Llah wahdahu la sharika lah». Upande wa pili maneno ya Suratul Ikhlas, hadi «lam yalid wa lam yulad». Pembeni, mwaka wa kupigwa. Uzito ukawekwa gramu 4.25, chini kidogo ya ile ya Rumi.

Kwa maoni yetu hakuna sarafu iliyosema imani yake waziwazi kuliko hiyo. Aliyeishika sokoni alishika jibu kwa dinari yenye uso wa Yesu.

Baada ya mvua tumeokota visarafu vya shaba vyenye herufi za Kiarabu. Tuvisugue kwa ndimu na majivu vipate kusomeka? (Msomaji, Kilwa)

Msivisugue, tafadhali sana. Sarafu iliyolala ardhini miaka mamia, herufi zake hazipo tena kwenye shaba. Zimehamia kwenye ile kutu ngumu ya kijani. Ndimu inaiyeyusha kutu, na maneno yanaondoka nayo. Zile za fedha na shaba za Aksum, ufalme wa kale wa Uhabeshi, ziliwekwa dhahabu nyembamba kuzunguka msalaba, na kusugua mara moja kunatosha kuing'oa.

Loweka kwenye maji yaliyokenekwa (distilled), ondoa mchanga kwa kijiti cha mianzi, kausha kivulini. Kisha zima taa, shika tochi karibu usawa wa meza ili mwanga upite juu ya sarafu kwa ubavu, piga picha pande nne. Herufi zitajitokeza kwa vivuli vyake. Ukiona unga wa kijani kibichi unaopukutika, hiyo ni chumvi inayokula shaba: itenge na nyingine, iweke kwenye chombo kikavu chenye vifuko vya kunyonya unyevu.

Sarafu za Kilwa ni kama sentimita 2, hazina picha wala mwaka, na husomwa pande mbili kama ubeti. Mfano: upande mmoja «Ali ibn al-Hasan», upande wa pili «yathiqu bi-mawla l-minan», anamtegemea Mola wa fadhila. Sikia vina: Hasan, minan. Sultani hajisifu kwa nguvu. Anamtaja wa kumtegemea, tena kwa kina. Anayesoma upande mmoja tu amekosa nusu ya ubeti.

Andikeni mahali hasa mlipoziokota, na mtoe taarifa kwa ofisi ya Mambo ya Kale. Sheria ya Tanzania ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuviuza bila kibali ni kosa.

Kuna mtu anauza sarafu ya «East India Company 1818» yenye Rama, Sita na Hanuman, imeandikwa One Anna. Anataka pesa nyingi, anasema inavuta mchele kama sumaku. (Msomaji, Dar es Salaam)

Usinunue. Kampuni hiyo ya Waingereza iliyotawala India haikuwahi kupiga sarafu ya shaba ya anna moja, yaani sehemu ya 16 ya rupia. Za 1835 zilikuwa nusu anna, robo anna na sehemu ya 12. Miungu ya Kihindu kweli ilikuwepo kwenye sarafu zake za Madras zilizoitwa pagoda, lakini hizo ni vipande vidogo vya dhahabu, si anna za shaba. Unachoonyeshwa ni kipande cha ibada cha mahekalu, kinachotengenezwa hadi leo na kuuzwa kwa bei ndogo. Kwa Mhindu kina heshima yake mahali pa sala. Mchele ukishikamana nacho, muulize muuzaji amepaka nini.