Mkuu, mwambie fundi asianze kuchonga hizo Mauser

Sitisha kwanza. Umesema huko Mafinga mnaigiza vita ya Lugalo, Wahehe wa Mkwawa na Wajerumani, mmeona bunduki kwenye filamu ya Wajerumani, mdau mmoja hapa akakwambia ni Mauser, bunduki za kiwanda cha Kijerumani, na Jumatatu fundi anaanza kuchonga 20 za namna ileile. Asianze. Kosa hilo nimeshalilipia mimi.

Mimi ni seremala, Iringa mjini. Kikundi kimoja cha maigizo kiliniletea oda ya bunduki 18 za askari wa Zelewski, kamanda wa Wajerumani pale Lugalo. Sikuwa na mfano, nikaenda kwa kijana mmoja anayerushia watu filamu kwenye flashi, anajiita mtaalamu wa silaha. Akaisimamisha picha kwenye kompyuta: "Hii hapa Mauser. Mjerumani alitumia Mauser, umemaliza." Nikachora palepale, nikanunua mninga.

Wiki tatu nilichonga, na kila nilichokiona nilikiweka. Mkono wa kukokea uliopinda kuelekea chini. Tundu refu la mkanda lililotoboa kitako upande hadi upande. Kile kisahani cha chuma kilichozama kwenye mbao za kitako nilikikata kwenye bati nene, nikakisugua msasa mpaka kikang'aa, mara 18. Zilipendeza, na mpaka leo naona uchungu kuzitaja.

Siku ya kukabidhi akaja mzee mmoja, mwalimu mstaafu. Kamwene, kamwene, tukasalimiana Kihehe. Akainua moja, akaingiza kidole kwenye lile tundu la mkanda, akakaa kimya. Kisha akasema, "Mwanangu, hii ni ya wakati wa Hitler. Mkwawa alikuwa ameshalala kaburini miaka zaidi ya 30."

Kweli tupu. Nilichonga Karabiner 98k, bunduki ya mwaka 1935. Lugalo ilipiganwa tarehe 17 Agosti 1891, na Mkwawa alifariki 1898. Askari wa Zelewski walibeba Mauser ya 1871: milimita 11, unaweka risasi moja, unapiga, unaweka nyingine. Haina kasha la risasi tano. Inatumia baruti nyeusi, kila mlio unaacha wingu la moshi mweupe. Hebu fikiria Wahehe wanatoka vichakani na mikuki, na askari mwenye risasi moja tu bombani. Vita nzima inaeleweka hapo! Ukimpa risasi tano umeharibu hadithi yenyewe.

Kikundi kikakataa mzigo. Laki tisa, mbao na siku zangu humo humo. Nilipomrudia yule kijana akaniuliza, "Kwani zote si Mauser?" Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mtu anajua jina la kiwanda, anadhani ameijua bunduki. Mauser walitengeneza bunduki miaka na miaka! Wanaocheka wacheke, mninga ukishakatwa haurudi kuwa gogo.

Kwa hiyo shika hili moja: ulizia mwaka kabla ya jina. Filamu inakuonyesha bunduki iliyokuwepo ghalani kwa watengenezaji, siyo lazima iwe ya vita wanayoisimulia. Filamu kibao za Marekani za miaka ya 1980 zinaonyesha Warusi wameshika AK, bunduki yenye asili ya Urusi, lakini zilizotengenezwa Misri au China, kwa sababu enzi za Vita Baridi za Kirusi zilikuwa shida kupatikana. Na majina ndiyo yanapoteza kabisa. Sisi huku AK tunaiita SMG. Wachina nao walipoipokea AK waliipa jina Aina ya 56, SKS yao, bunduki nyingine kabisa, wakaiita Aina ya 56, na bunduki yao ya rashasha nayo Aina ya 56. Sasa mtu akikwambia "hiyo ni 56" amekusaidia nini?

Tena usiangalie umbo zima, kwa mbali zote ni mti na bomba. Simamisha picha, tazama kitako, tazama mkono wa kukokea, tazama chini ya bunduki mbele ya kifyatulio. Ukiona tundu la mkanda na kisahani kwenye kitako, hiyo siyo ya Lugalo, hata aliyekuambia awe nani.

Naona uliuliza pia habari za sare na mahali pa kukodi, wengine watakujibu. Wewe piga picha ya mchoro alionao fundi, upande wa kitako, uiweke hapa kabla ya Jumatatu. Nipo, nitaiangalia.