Hati ya nyumba iliyofungiwa kabatini

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mzaliwa wa Mombasa na ninaishi Houston, Texas. Miaka mitatu iliyopita kaka yangu alinipa nusu ya nyumba yake. Akaandikisha hati, akaitia sahihi mbele ya notari (ofisa anayethibitisha sahihi), nami nikaifungia kabatini. Juzi jirani ameniambia kwamba karatasi hiyo si kitu mpaka ifike kaunti. Je, nimepoteza haki yangu? Na nikiipeleka, kaunti itanipa hatimiliki yenye jina langu kama ilivyo kwetu? Kaka naye amepokea barua inayomtaka alipe karibu dola 100 apewe nakala ya hati ya nyumba. Tulipe?

JIBU: Dada yetu, haki yako haijapotea, ila imekaa mahali pa hatari. Sheria ya mali ya Texas inasema kwamba hati ambayo haijasajiliwa bado inawafunga waliotia sahihi pamoja na warithi wao, kwa hiyo kaka yako hawezi kukuambia leo kwamba hakukupa kitu. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kwamba hati ya namna hiyo haina nguvu dhidi ya mtu aliyeinunua nyumba kwa thamani yake bila kujua habari zako, wala dhidi ya mdai wa kaka yako ambaye naye hakuwa na taarifa. Kaka akipatwa na shida akaiuza nyumba nzima, au akishindwa kesi ya deni na mdai akaandikisha hukumu yake kwa karani wa kaunti, ndiye mtunza kumbukumbu za hati, kabla yako, utabaki unadaiana na ndugu yako mahakamani huku nyumba ikiwa mikononi mwa wengine. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sidhani kama kuna jambo linalofanana na methali hiyo kuliko hili lako.

Hakuna muda wa mwisho wa kusajili, basi ipeleke wiki hii. Hati husajiliwa katika kaunti kilipo kiwanja, si katika kaunti unakoishi. Sehemu kubwa ya Houston imo katika Kaunti ya Harris, lakini baadhi ya mitaa yake iko Fort Bend au Montgomery. Chukua hati yenyewe yenye sahihi za kalamu, si nakala, na uhakikishe kwamba uthibitisho wa notari umejazwa kikamilifu, kwamba maelezo ya kisheria ya kiwanja yamo (anwani ya mtaa peke yake haitoshi), na kwamba anwani yako ya posta imeandikwa, kwa sababu ikikosekana utatozwa ada ya adhabu. Namba ya hifadhi ya jamii au ya leseni ya udereva, kama ipo, ifute kwanza, maana hati ikishasajiliwa husomwa na yeyote. Ada ni dola 25 hivi kwa ukurasa wa kwanza na dola 4 kwa kila ukurasa unaofuata. Jambo moja ambalo wengi wetu hulikosa ni lugha: hati huandikwa kwa Kiingereza, na makubaliano ya kifamilia yaliyoandikwa kwa Kiswahili, hata yakiwa na mashahidi kumi, hayatapokelewa kama yalivyo.

Swali lako la pili ndilo linalowachanganya watu wa kwetu kuliko yote. Nchini Kenya, chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, msajili huandika jina la mwenye ardhi katika rejista na kutoa cheti ambacho mahakama hukichukua kuwa ushahidi wa umiliki mpaka kithibitishwe vinginevyo. Karani wa Texas hafanyi hivyo. Yeye huipokea hati, huigonga muhuri wa tarehe na saa, huitia katika kumbukumbu za umma na kukurudishia. Hachunguzi kama aliyekupa nyumba alikuwa nayo kweli, wala hakupi cheti chochote. Ndiyo maana Wamarekani hununua bima ya hatimiliki, yaani bima ya kumfidia mwenye nyumba umiliki wake ukionekana una kasoro, inayotanguliwa na uchunguzi wa mlolongo wa hati zote za nyuma.

Kabla ya kwenda, muulize kaka kama bado anadaiwa na benki. Kusajili hakuhamishi deni, na mikataba mingi ya mikopo ya nyumba huiruhusu benki kudai deni lote mara moja nyumba inapohamishwa. Sheria ya shirikisho ya 1982 inamkinga mkopaji akimpa nyumba mke, mume au mtoto. Ndugu hukingwa pale tu mkopaji anapofariki. Hapo saa moja ya wakili ina thamani ya fedha yake.

Barua hiyo itupeni. Ni biashara ya watu binafsi wanaosoma kumbukumbu za kaunti kisha kuwaandikia wenye nyumba kwa sauti ya kiserikali. Nakala iliyothibitishwa na karani hugharimu dola 5 na dola 1 kwa kila ukurasa.

SWALI: Mimi niko Minneapolis, na nimeambiwa nyumba yangu ni ya "Torrens". Maana yake nini?

JIBU: Maana yake, ndugu, ni kwamba uko karibu na utaratibu wa nyumbani kuliko dada wa Houston. Torrens ni utaratibu wa kusajili umiliki wenyewe, si hati tu. Robert Torrens aliuanzisha Australia Kusini mwaka 1858, na Minnesota ikaukubali mwaka 1901. Kwa nyumba ya namna hiyo msajili hutunza cheti cha umiliki, na hati uliyopewa na muuzaji ni mkataba kati yenu tu: umiliki huhama siku inapoandikishwa. Katika Kaunti ya Hennepin, ambamo Minneapolis imo, taratibu zote mbili zipo, huu wa Torrens na ule wa kusajili hati tu kama wa Texas, kwa hiyo uliza kwanza kiwanja chako kiko upande gani, maana vipo viwanja ambavyo kipande kimoja kimo huku na kingine kule, na hati ya kiwanja cha namna hiyo huandikishwa pande zote mbili.