Kwa dada wa miaka 43 anayeamka usiku amelowa jasho

Dada, umesema hedhi yako ilikuwa ya siku 28, sasa mara 22, mara 37. Unaamka saa tisa usiku shuka limelowa, umepimwa malaria mara mbili na hakuna kitu. Unauliza kama hedhi inaelekea kukoma na wewe bado mdogo.

Si mdogo kwa jambo hili. Wengi wetu huanza kubadilika katika miaka ya arobaini, wengine mapema kidogo, na safari yenyewe huchukua miaka minne hivi, pengine zaidi. Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma ikipita miezi 12 mfululizo bila damu. Kabla ya hapo homoni hupanda na kushuka ovyo, ndiyo maana mwezi huu u mzima kabisa na ujao hujitambui.

Mimi nilianza nikiwa na 44. Nilijua habari ya joto la ghafla mwilini tu, kwa hiyo dalili za kwanza zilinipita. Usingizi ulikatika, saa tisa macho kodo hadi adhana. Kisha usahaulifu. Nauza nguo Gikomba, na mteja akirudia kuuliza bei niliyomtajia sasa hivi, naikosa kichwani. Kisha hasira: nilimfokea binti yangu kwa sababu ya sufuria mpaka akalia, nami nikaenda kulia bafuni. Kila kitu nilikipa sababu yake. Biashara mbaya, karo, uchovu.

Joto lilikuja Julai, na baridi ya Nairobi ya Julai unaijua. Nilikuwa kwenye matatu ya kutoka Donholm. Lilianzia kifuani, likapanda shingoni hadi masikioni, moyo ukaenda mbio. Nikavua sweta, nikafungua dirisha. Mama mzee aliyekaa kando yangu, amejifunga leso mbili, hakulalamikia upepo. Alinishika mkono akasema, "Itapita mwanangu, vuta pumzi." Baada ya dakika chache likaisha, nikaanza kutetemeka, blauzi imegandia mgongoni. Yeye alilitambua kabla yangu.

Kliniki ya kwanza nilitibiwa taifodi. Ya pili nikapewa dawa za usingizi. Muuguzi wa kliniki ya tatu ndiye aliyeniuliza, "Hedhi yako ikoje?" Sikuwa na jibu, sikuwa nikiandika. Nilichukua kalenda ya ukutani, siku ya damu nikaizungushia wino mwekundu, usiku wa jasho nikaandika J. Baada ya miezi mitatu herufi J zilikuwa zimerundikana siku chache kabla ya kila mduara. Anza yako leo, uende nayo kwa daktari. Itamsaidia kuliko kipimo kimoja cha homoni, kwa sababu homoni za leo si za wiki ijayo. Mwombe pia akupime wingi wa damu na tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, maana ikisumbua huleta dalili zinazofanana na hizi. Na zipo dawa, zikiwemo za homoni, kwa anayezidiwa. Muulize kama zinakufaa.

Ila jasho la usiku likiambatana na kikohozi, homa na kukonda, kapimwe kifua kikuu kwanza. Na damu inayojaza pedi kila saa moja au mbili, au inayotoka baada ya tendo la ndoa, au inayorudi baada ya mwaka mzima, usiiite umri. Nenda hospitali. Nimeona wanawake wakivumilia damu nyingi hadi wanaishiwa nguvu ngazini, kumbe ni uvimbe wa kizazi.

Jambo la mwisho, kwa kuwa umesema umeacha sindano ya uzazi wa mpango: yai bado linaweza kutoka mwezi wowote. Jirani yangu alikosa hedhi miezi miwili akiwa na 45, akatuambia chamani kuwa amemaliza. Alikuwa na mimba. Pima mimba kabla ya kuamua ni nini.