Mkuu, usinyamaze. Mimi nilinyamaza miezi mitano, mikopo ikanisemea

Hapana. Nimesoma uzi wako wa kupoteza kazi hadi pale ulipoandika "nyumbani nitawaambia mambo yakishakaa sawa, kwa sasa napambana kimyakimya na Mungu wangu" nikashindwa kuendelea. Hayo maneno niliyasema mimi, hivyo hivyo, wiki ya kwanza baada ya kupunguzwa kazini. Hayakukaa sawa.

Barua nilipewa Ijumaa. Jumatatu nikaamka saa ile ile, nikavaa shati alilolipiga pasi mke wangu usiku, nikabeba begi la kompyuta (kompyuta walishaichukua, ndani kulikuwa na mwavuli), nikatoka. Nilikuwa naenda kanisani. Nafunga, naomba, nasinzia kidogo kwenye benchi, saa kumi na moja jioni narudi nyumbani nikilalamika kwamba vikao vya leo vimenichosha. Mlinzi pale alidhani nasomea uchungaji.

Aliyenipoteza ni mtumishi mmoja wa Mungu pale kanisani, jina simtaji. Aliniambia nisimweleze mtu yeyote, mke wangu akiwa wa kwanza, kwa sababu adui za mtu ni wale wa nyumbani mwake. Mathayo 10:36, akaisoma kwa sauti nzito, nami nikaitikia amina kama mjinga. Baadaye sana ndipo nikafungua mwenyewe na kusoma kuanzia juu. Pale Yesu anazungumzia nyumba zitakazogawanyika kwa ajili ya kumfuata yeye, tena maneno yenyewe yametoka Mika 7:6, nabii akiomboleza nchi ambayo hakuna wa kumwamini. Hakuna mahali aliyeachishwa kazi anaambiwa amdanganye mkewe! Mtumishi yule alichomoa mstari mmoja akaiacha mingine yote, na sadaka ya "kuvunja maagano" akapokea. Sadaka yenyewe ilitoka kwenye mkopo. Leo nacheka. Wakati ule hapana.

Sasa jiulize, mshahara wa kazi isiyokuwepo unalipwa na nani? Maana mwisho wa mwezi ukifika nyumbani wanasubiri. Nikakopa kwenye programu ya simu. Kulipa ile, nikakopa kwenye nyingine. Kufikia mwezi wa nne wa kuficha, programu zilikuwa saba. Zile programu unapozipakua unabonyeza "kubali" zisome majina yote kwenye simu yako, na nani huwa anasoma anachokikubali? Nilipochelewa, ujumbe ukaanza kusambaa. Mama yangu kapata. Mama mkwe kapata. Bosi wa zamani kapata. Fundi bomba niliyempigia mara moja tu maishani kapata, na akanipigia kunipa pole, mtu muungwana sana. Siri niliyomficha mtu mmoja niliyelala naye kitanda kimoja ikasomwa na simu nzima.

Mke wangu hakupiga kelele. Alisema, "Kazi huisha, hilo ningelielewa. Lakini umeniacha miezi mitano nakupigia pasi mashati ya kuja kunidanganya." Akaenda kwao wiki sita. Kazi nilipata nyingine, madeni yale nilimaliza, yeye alirudi. Lakini hadi leo nikimwambia nimechelewa kwa sababu ya foleni, ananitazama kidogo kabla ya kujibu. Mtazamo huo sijui unalipwaje, ule hauna awamu.

Najua kuna mtu atakuja hapa kusema nakukataza kuomba. Omba, mkuu. Ila soma vizuri walioomba kabla yetu. Eliya alikaa chini ya mretemu akiomba afe, 1 Wafalme 19, na malaika hakumhubiria: alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Mikono ya Musa ilipochoka kuinuliwa watu wake wakipigana vita, Haruni na Huri waliishika huku na huku mpaka jua likachwa. Yesu mwenyewe Gethsemane aliwaomba wanafunzi wake watatu wakeshe naye. Walilala, lakini aliwaomba. Sasa mimi na wewe ni akina nani wa kupambana kimyakimya?

Aliyeniokoa ni rafiki yangu wa siku nyingi, naye alijua kupitia ule ujumbe wa aibu. Hakuja na "vumilia" wala "kila jambo na sababu yake". Alikaa tu. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, na mpaka hapo walikuwa marafiki wazuri kweli. Waliharibu walipofungua mdomo. Wangu alifungua wa kwake kusema "lete karatasi." Tukaandika kila deni. Kisha akaniuliza usiku nalala masaa mangapi. Nikamwambia matatu. Kesho yake akanipeleka kwa daktari, na ndiko nilikoelezwa kwamba huzuni ikikukalia karibu kila siku kwa wiki mbili na zaidi, usingizi umekatika, vitu ulivyovipenda huvitamani tena, huo unaweza kuwa ugonjwa wa sonona na una tiba. Mtumishi alikuwa ameniambia ni roho ya uzito. Tiba yake, sadaka nyingine.

Kwa hiyo shika hili: mtu mmoja, ukweli wote, leo. Usitangazie kumi, na usiandike mafumbo kwenye hali ya WhatsApp. Ukweli wote maana yake hadi tarakimu za madeni, kwa sababu "mambo yamebana kidogo" ni kuficha kwa adabu. Na huyo mmoja asiwe mtu anayekula kupitia hofu yako.

Uliuliza na mengine, ngoja nirudi juu. Kuhama mji: sijui, sikuhama. Zaburi ya kusoma: jaribu ya 88. Inaishia gizani kabisa, haina hata mstari wa kukufuta machozi, na bado imewekwa mle ndani. Lile la tatu nimelisahau, nisamehe.

Ila kuna kitu umekiandika kwa kupita tu, kwamba dada yako anakupigia kila jioni na hupokei. Sasa hivi ni saa kumi. Akipiga, pokea, usianze na "niko salama".