Usiruke Kurasa za Sayansi

Mara ya kwanza niliishia ukurasa wa mia na kitu. Ilikuwa riwaya ya kusisimua ya mambo ya bahari, nene kama tofali, wahusika zaidi ya arobaini, nusu yao maprofesa wenye majina ya Kinorwei na Kijerumani. Nikiiacha siku mbili, nikirudi simjui nani ni nani. Ikakaa juu ya kabati mwaka mzima, ikila vumbi la Dodoma.

Mara ya pili nilipanda nayo SGR kwenda Dar, nikiwa na kaunta buku. Ushauri wangu mkubwa ni huu: usihangaike kukariri majina. Wape wahusika majina ya kwetu. Harusini tunakutana na watu mia na hatupotei, kwa sababu kila mtu tunamjua kwa kazi yake na watu wake: Mama Chapati, fundi wa Chang'ombe, shemeji wa Kondoa. Basi mtaalamu wa minyoo nikamwita Mzee Minyoo, dada wa nyangumi akawa Mama Nyangumi, mkubwa wa kampuni ya mafuta Bosi Bomba. Mbele ya kila jina niliandika mambo mawili tu: yuko wapi, na anajua nini ambacho wenzake hawakijui. Hilo la pili ndilo lenye utamu. Katika riwaya za namna hii hatari haiko kwenye bastola, iko kwenye habari iliyobaki kwa mtu mmoja. Hata mhusika akifa, usimfute. Alichokijua kitarudi.

Halafu zile kurasa za sayansi, tafadhali, usiziruke. Mwandishi anatumia kurasa kadhaa kueleza methane iliyo chini ya sakafu ya bahari, gesi iliyonaswa ndani ya barafu kwa baridi na mgandamizo. Mita moja ya ujazo ya barafu hiyo ikiyeyuka hutoa zaidi ya mita 160 za ujazo za gesi. Mwanzoni nilizipita haraka, kumbe balaa lote la mbele limefichwa humo. Zisome taratibu, kalamu mkononi, kisha thibitisha jambo moja. Mimi nilitafuta habari za Storegga, mteremko wa chini ya bahari karibu na Norwei ulioporomoka miaka kama 8,000 iliyopita na kusukuma tsunami hadi Uskoti. Ni kweli tupu. Tangu hapo nikamwamini mwandishi, na hofu yangu ikawa hofu ya kweli. Jambo moja linatosha, la sivyo utashinda kwenye simu na kitabu kimefungwa.

Ukikwama, tafuta mfano wa nyumbani. Nilishindwa kuelewa kitu kinakaaje kimya miaka mingi kisha kibadilike ghafla, mpaka nilipokumbuka visima vya Makutupora tunavyovitegemea hapa mjini. Maji ya ardhini pale hayaongezeki sawasawa kila mwaka. Hujazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa mno, kama ile ya El Nino ya 1997 na 1998. Ardhi inangoja, inangoja, kisha inapokea kwa mkupuo. Nikarudi kitabuni, na bahari ikanielea.

Sasa kitabu kiko kwa jirani yangu. Aliomba na kaunta buku langu, nikamkatalia. Nimemnunulia lake, tupu, na penseli.